Kutoka Kaloleni Hadi Park Road: Njia ya Makhan Singh

Mwezi wa Mei Pumwani huwa wa matope. Masika yakishapiga siku tatu mfululizo, vichochoro vya Majengo hujaa maji ya rangi ya chai, na watu huvuka kwa kukanyaga mawe ambayo jirani fulani mwenye huruma ameyapanga alfajiri. Nimeuchagua mwezi huu kwa makusudi. Makhan Singh alikamatwa mara ya kwanza Mei 1940. Mei 1949 alishirikiana na wenzake kuunda shirikisho la kwanza la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Mei 1950 alikamatwa tena, na Pumwani na Nairobi nzima ikaweka zana chini. Akafariki tarehe 18 Mei 1973. Mtu wa Mei hufuatwa mwezi wa Mei, hata kama viatu vitaharibika.

Jina lake nililisikia kwanza kwa baba yangu. Nyumba yetu ilikuwa Majengo, na baba alifanya kazi kwenye karakana upande wa viwandani, mwendo wa miguu asubuhi na mwendo wa miguu jioni. Akimtaja, hakusema Makhan Singh. Alisema "yule Kalasinga wa mgomo", kwa sauti ya mtu anayemtaja jamaa. Nikiwa mtoto nilidhani ni mtu aliyewahi kukaa nasi mtaani. Nimechelewa sana kujua kwamba hakukaa kwetu, na kwamba kule kutokaa kwetu ndiyo habari yenyewe.

Basi nimeanza safari kwenye Ukumbi wa Kaloleni, ng'ambo ya Jogoo Road, barabara iliyoitwa Doonholm Road wakati wa ukoloni. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae, zikizunguka viwanja vyenye miti, na ukumbi ukawekwa katikati. Siku ya Jumapili, tarehe 23 Aprili 1950, watu walijaa hapa hadi nje. Mkutano uliitishwa na Kenya African Union pamoja na East African Indian National Congress, kuupinga mpango ambao walowezi wa Kizungu waliuchapisha mwaka uliotangulia, mpango wa kuhakikisha kwamba nchi inabaki mikononi mwao daima. Wasemaji walipinga, wakapigiwa makofi. Kisha akasimama mtu mwembamba mwenye kilemba na ndevu, akapendekeza azimio liongezewe maneno: kwamba dawa ya kweli ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na upatikane mapema iwezekanavyo.

Leo neno uhuru tumelizoea. Tumelitia katika majina ya barabara na bustani na sikukuu. Mwaka 1950 wengi wa viongozi waliodai haki walidai viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria, au ardhi, au mishahara. Kudai serikali yote, hadharani, mbele ya maelfu ya watu, katika mtaa uliomilikiwa na Halmashauri ya Jiji, lilikuwa jambo jingine kabisa. Na aliyelidai hakuwa na ruhusa hata ya kupanga chumba katika mtaa huo, kwa kuwa mji wa Nairobi uligawanywa kwa rangi: Wazungu milimani upande wa magharibi, Waasia Ngara, Parklands na Pangani mpya, Waafrika huku mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaoshika miguu.

Pale nje ya ukumbi niliwakuta vijana wanne wakitengeneza pikipiki. Nikawauliza kama wanamjua Makhan Singh. Wakatazamana. Mmoja, mwenye adabu sana, akasema, "Mzee, huyo alikuwa mchezaji wa hoki?" Sikumlaumu. Masingasinga walioichezea Kenya hoki walikuwa na sifa zao, na kijana huyu ameshika kitu kimoja cha kweli kutoka kwa babu yake. Nikawaeleza kwa ufupi. Wakanisikiliza hadi mwisho, spana mkononi, kisha yule kijana akaniuliza swali ambalo limenifuata safari nzima: "Na watoto wake walikuwa wapi?"

Tuanze na utoto wake mwenyewe. Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, sehemu ambayo sasa iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala aliyevuka bahari kuja kufanya kazi katika reli, na akawa miongoni mwa mafundi wa reli waliojaribu kuunda chama chao mapema katika miaka ya 1920. Mwana alimfuata baba Nairobi mwaka 1927, akiwa na miaka 13. Akasoma katika shule ya serikali ya watoto wa Kihindi, hii tunayoiita leo Jamhuri High School. Alifaulu mtihani wake wa mwisho, lakini hela za chuo hazikuwepo. Akaingia katika kiwanda cha uchapaji ambacho baba yake alikianzisha baada ya kuacha reli. Huko akajifunza kupanga herufi za risasi, kusoma maandishi kinyumenyume, na kuzoea lugha nyingi. Alitunga mashairi kwa Kipunjabi. Kijana mpole wa vitabu, angeweza kuishia kuwa mchapaji mwenye nyumba nzuri.

Mwaka 1935 mafundi wa Kihindi wenye kachama kadogo walimwomba awe katibu. Alikuwa na miaka 21. Alikubali, na kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuliondoa neno "Kihindi" katika jina la chama, kikawa Labour Trade Union of Kenya, mlango wazi kwa kila rangi. Kazi ya ukatibu aliifanya bila mshahara. Mwaka 1937 chama kiliongoza mgomo wa siku 62 dhidi ya wakandarasi, ambao wengi wao walikuwa Wahindi wenzake, watu waliokaa naye hekaluni. Mgomo uliisha kwa nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22. Mara nyingi tunasimulia historia hii kama ugomvi wa rangi na rangi. Yeye alianza kwa kugombana na matajiri wa kwao.

Nimevuka Jogoo Road na kupita soko la Burma, ambako harufu ya nyama huanza kabla hujaiona nyama. Jina lake lilirudi na askari wa King's African Rifles waliopigana katika misitu ya Burma. Mbele ni Shauri Moyo, mtaa uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea waliobomolewa nyumba zao katika Pangani ya zamani. Waliambiwa wahame, kuhamia hapa au kurudi walikotoka likawa shauri la moyo wa mtu. Nimesimama kidogo karibu na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambapo nyundo hazinyamazi, nikiyaweka mawazo yangu sawa. Maana hapa ndipo habari ya mgomo ilipo.

Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilitangazwa kuwa jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Kulikuwa na gwaride na mgeni wa kifalme. East African Trades Union Congress, shirikisho lililoundwa tarehe 1 Mei 1949, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu, liliwataka wafanyakazi wasusie sherehe hizo. Hoja yao ilieleweka na kila aliyelala watu wanane chumba kimoja Majengo: jiji la nani? Tarehe 15 Mei polisi waliwakamata wote wawili, Kubai na Singh, kwa kosa la kuongoza shirikisho lisiloandikishwa, ambalo serikali yenyewe ilikuwa imekataa kuliandikisha. Kesho yake, tarehe 16, watu hawakwenda kazini.

Walidai viongozi wao waachiliwe. Walidai mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Walidai misako ya usiku mitaani ikome, ile ya kugonga milango saa nane za usiku na kuwatoa watu nje wakiwa wamejifunga shuka, na sheria ndogo zilizowabana madereva wa teksi ziondolewe. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja, ukafika mpaka Mombasa. Singh mwenyewe, katika kitabu alichokiandika baadaye, anasema wafanyakazi zaidi ya 100,000 walishiriki kwa namna moja au nyingine. Mabomu ya machozi yalirushwa katika mitaa hii, magari ya deraya yakapita katika barabara ambazo leo zina vibanda vya mitumba, na mamia ya watu walikamatwa.

Navuka mto Nairobi pale Gikomba, maji meusi, marundo ya nguo za Ulaya pande zote mbili, na kupanda Pumwani. Mtaa huu ndio wa kwanza rasmi wa Waafrika katika Nairobi, tangu mwanzo wa miaka ya 1920. Halmashauri ilitoa viwanja, wenyeji wakajijengea nyumba za udongo na fito, chumba kwa chumba, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila yote waliokuja hapa. Hili lina uzito wake katika habari ya Makhan Singh. Vipeperushi vya vyama vyake vilitoka kwa lugha kadhaa, Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati, na pia Kiswahili. Kadiri ninavyoona, kipeperushi cha Kiswahili kilichotoka mikononi mwa mchapaji wa Kipunjabi kilivuka mpaka ambao mabasi ya mji hayakuuvuka. Mtu wa Majengo aliyejua kusoma alikisoma kwa sauti, na mlango mzima ukasikia.

Hapa ndipo nilipolelewa. Baba yangu alirudi kila jioni. Kabla magharibi haijaadhiniwa ungemwona anakuja, mkate umefungwa kwa gazeti chini ya kwapa, kofia mkononi, na sisi watoto tulikimbia kumpokea mpaka kona, tukigombania nani ataubeba mkate. Mkate ule ulikuwa wa kawaida kabisa. Nilipousoma wasifu wa Makhan Singh, ulioandikwa na Zarina Patel na kuchapishwa mwaka 2006, nilijikuta naufikiria mkate huo kuliko maazimio yote.

Kwa sababu Makhan Singh alikuwa baba wa watoto watatu. Mkewe aliitwa Satwant Kaur. Mmoja wa wana wao alipewa jina lenye neno swaraj ndani yake, yaani kujitawala. Jina la kumwita mtoto aje kula, na papo hapo ni dai la nchi. Mwisho wa 1939 Singh alikwenda India, na tarehe 5 Mei 1940 serikali ya huko, iliyokuwa ya Uingereza vilevile, ikamtia kizuizini bila kesi. Baada ya kambi akafungiwa ndani ya mipaka ya kijiji chake cha Gharjakh hadi Januari 1945. Aliporejea Kenya Agosti 1947, serikali ilijaribu kumwondoa nchini, mahakama ikakataa. Akapata miaka chini ya mitatu ya kuwa mtu huru, na hata hiyo aliitumia katika mikutano, kwenye uchapaji, na katika kesi.

Kisha Mei 1950. Kesi ya kumzuilia ilisikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker, yule yule aliyekuja baadaye kuwafunga Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Wakili wake alikuwa Chanan Singh, ambaye Kenya huru ilimfanya jaji. Makhan Singh hakujificha. Alikiri kuwa mkomunisti, na akakataa kuutambua utawala wa Uingereza juu ya Kenya kuwa ni wa haki. Wakampeleka Lokitaung, kule juu kabisa Turkana, ambako upepo una mchanga na barua ina safari ndefu. Baadaye Maralal. Baadaye Dol Dol. Hakuhukumiwa kifungo cha miaka kadhaa ili mkewe apige hesabu ya siku. Alizuiliwa tu, bila mwisho. Njia ya kutoka ilikuwepo, na ilijulikana nyumbani: akubali kuondoka Kenya, aishi India na familia yake. Hakukubali.

Hapo ndipo swali la kijana wa Kaloleni linaponishika koo. Watoto wake walikuwa wapi? Walikuwa nyumbani, wakikua. Tangu Mei 1940 mpaka Oktoba 1961 ni miaka 21 na ushee, na kama 16 kati yake baba yao aliiishi chini ya ulinzi. Kiwanda cha babu ndicho kilichokuwepo. Satwant Kaur alilea. Watu humsifu Makhan Singh kwa uvumilivu, na ni haki yake, lakini mimi nadhani nusu ya uvumilivu huo uliwekwa mezani na mwanamke ambaye hakuulizwa na jaji yeyote kama anakubali. Mwana mmoja alikuja kuwa mhandisi wa umeme, na akaongoza tume ya taifa ya kudhibiti nishati. Mtoto hafiki hapo kwa bahati. Kuna mtu aliyekagua madaftari usiku.

Je, mtu wa namna hii aitwe mtu wa familia? Nimelifikiria hili nikipita mbele ya Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, ambayo tangu 1926 imekuwa ikipokea watoto wa mji huu, nikiwatazama kina baba wamesimama nje na mifuko ya plastiki, wakingoja. Jibu langu ni ndiyo, na nalisema bila kusita. Alichokidai kwa ajili yetu kilikuwa mambo ya nyumbani: mshahara wa kutosha kulisha watoto, mlango usiogongwa usiku, saa nane za kazi ili mtu arudi kabla watoto hawajalala. Aliijua thamani ya vitu hivyo. Baba yangu alikuja na mkate kila jioni katika mji ambao watu kama Makhan Singh waliufanya uwe na saa za kutoka kazini.

Alifunguliwa Oktoba 1961, akiwa na umri wa miaka 47. Kuhusu yaliyofuata sina mengi ya kufurahia. Alijiunga na chama cha KANU. Uhuru ulikuja Desemba 1963. Hakupewa wizara, hakupewa kiti bungeni, na katika vyama vya wafanyakazi, ambavyo wakati huo vilielekea Magharibi katika ugomvi wa dunia, mkomunisti wa zamani hakuwa na nafasi. Alikaa na karatasi zake. Alikuwa amezitunza zote, barua, kumbukumbu za mikutano, vipeperushi, risiti, na kutokana nazo akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952, iliyochapishwa 1969. Sehemu ya pili ilitoka 1980, yeye akiwa ameshatangulia. Karatasi hizo ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Mitaa ya Mbotela na Ofafa, mwendo mfupi kutoka hapa, ina majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, madiwani waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Katika njia yangu ya leo sikuona kibao hata kimoja chenye jina la Makhan Singh, na linaniuma.

Kutoka Pumwani nashika barabara ya General Waruinge, napita Ziwani, napita Kariakor, jina lililobaki kutoka Carrier Corps ya Vita vya Kwanza, wapagazi ambao walikufa kwa maelfu. Wanawake wanasuka vyondo, moshi wa nyama unapanda. Kisha Ngara. Hapa ndipo mpaka ulipokuwa. Hakuna ukuta, hakukuwa na ukuta. Ni daraja na mteremko, na nyumba zinabadilika sura. Naendelea Park Road hadi lango la Jamhuri High School, ambako kijana wa miaka 13 kutoka Gharjakh aliketi na kujifunza Kiingereza. Mvua imeanza tena, nyembamba.

Nimetazama saa. Kutoka Ukumbi wa Kaloleni, ukitoa muda wa kusimama na kuongea, ni mwendo wa saa moja na kidogo. Ndiyo njia ya kutoka mkutanoni kurudi upande huu wa mji, walikokaa watu wake. Aliyekamatwa Mei 1950 alifika nyumbani Oktoba 1961.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Wafanyakazi walikuwa wakiteremka kutoka Parklands na Westlands, wakielekea mashariki kwa miguu, kwa mamia, wengine na mifuko ya nailoni kichwani kujikinga mvua, wengine wakiongea kwa simu kuuliza kama unga upo. Mmoja alikuwa na mkate. Njia ya kando ya barabara ilikuwa nyembamba na mimi nilikuwa nakwenda kinyume chao, basi nikasogea kwenye matope, nikasimama pale mpaka wote wakapita.